Bi Springi, Fundi wa Makochi, na Binti Yake

Ndugu, jamaa, majirani, mafundi wa soko la mbao, na ninyi wote mliokaa na mliosimama, maana viti havikutosha, na marehemu angejua kwamba msiba wa fundi wa viti umekosa viti angeona haya mpaka basi, familia imetutuma tuwasomee maisha ya mama yetu, dada yetu, wifi yetu na jirani yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Bi Springi, na wengine hamkuwahi kujua kwamba ana jina lingine, na kwa leo hilo linatutosha.

Marehemu alizaliwa Jumamosi ya tarehe 14 Machi mwaka 1953, katika zahanati ya wafanyakazi wa reli, akiwa wa kwanza kati ya mabinti wawili, baba yake akiwa fundi wa viti vya mabehewa na mama yake akifua mashuka ya mabehewa ya kulala, na wazee waliokuwepo walisimulia kwamba alikuja duniani na nywele nyingi na hasira nyingi, nywele zikapungua na umri, hasira ikabaki palepale.

Elimu yake aliipata katika shule ya msingi iliyopakana na karakana ya reli, alikoanza darasa la kwanza Januari 1961 na kumaliza la saba Desemba 1967, hesabu alizimudu, kusoma mbele za watu hakukupenda hata kidogo, ndiyo maana leo anasomewa, na kengele ya mchana ikilia hakwenda nyumbani kama watoto wengine, bali alipenya kwenye uwazi wa ukuta akaenda kukaa miguuni pa baba yake, kuokota misumari iliyoanguka na kutazama jinsi kochi linavyovuliwa nguo, linavyotolewa matumbo, na linavyovishwa upya likawa bibi harusi.

Februari 1969 aliajiriwa katika karakana ileile, chumba cha kutengeneza viti vya daraja la kwanza, msichana peke yake katikati ya wanaume, na siku ya kwanza msimamizi alimtazama kuanzia kichwani hadi viatuni akamwambia, "Binti, hapa hatushoni vitambaa vya meza," naye akajibu, "Naona, maana mngeviharibu," na mwezi haukuisha, springi moja iliyofungwa vibaya na kijana mwingine ikachomoka kitini ikamgonga msimamizi yuleyule katikati ya paji la uso, chumba kizima kikainamia kazi kwa kuogopa kibarua kuota nyasi, marehemu peke yake akacheka mpaka akakaa chini, na tangu siku hiyo akaitwa Springi, na ule U-Bi ukaja baadaye pamoja na heshima.

Ndoa yake ilifungwa tarehe 22 Novemba 1975, mume wake akiwa seremala wa fremu, kijana mpole asiyejua kupandisha sauti, ambaye kila wiki alileta karakanani fremu yenye mguu mmoja mfupi, kila wiki mguu uleule, kila wiki akigombezwa na marehemu mbele ya watu na kuzipokea zile kelele kama mtu anayemiminiwa chai, mpaka mwanamke mmoja aliyekuwa akifagia pale akamvuta marehemu pembeni, "Wewe mtoto, huyo seremala ana futi na anajua kuitumia, kilichompungukia siyo mbao, ni sababu ya kuja," na wiki iliyofuata marehemu aliupima mguu mfupi, akamtazama kijana wa watu, akamwambia, "Ukitaka kunioa leta fremu iliyonyooka," ikaja imenyooka.

Mwaka 1986 karakana ilifunga chumba cha viti, marehemu akarudi nyumbani na sindano zake zilizopinda na nyundo yake ndogo, akafungua kazi yake mwenyewe katika chumba cha mbele cha nyumba yao, mtaa wa nyuma ya soko la mbao, mlango wa rangi ya kahawia, na wote mliopita pale mnaijua ile harufu ya gundi na sponji mpya, mnaijua na foleni ya makochi barazani yakisubiri zamu kama wagonjwa, na mnajua kwamba hakuna kochi lililoingia pale ambalo marehemu hakujua habari za wenyewe, nani analala sebuleni, nani amegombana na nani, maana alisema kochi halina siri kwa anayelifumua.

Ndoa hiyo ilijaliwa mtoto mmoja, wa kike, aliyezaliwa tarehe 8 Mei 1980, ndiye huyu aliyekaa hapa mbele, na kuanzia hapa historia hii ni ya wote wawili, kwa kuwa marehemu alituagiza kwa kinywa chake, akiwa na akili timamu na sauti ya kutosha kugombeza, "Msije mkasimama pale mkasoma kwamba niliishi kwa raha mustarehe, watu wakaanza kutazamana, semeni yote, tumeficha vitu vya kutosha katika nyumba hii," na binti mwenyewe juzi tulimpa karatasi hizi azipitie kwanza, akazirudisha akauliza, "Mbona mmenipunguzia?" basi tumemwongezea kidogo.

Mume wa marehemu alimtangulia tarehe 3 Juni 1994, kwa shinikizo la damu, mkono wake ukiwa juu ya randa, na marehemu akabaki na kazi na mtoto, mtoto akamaliza sekondari mwaka 1998, mrefu, mzuri, mdomo mwepesi kama wa mama yake, lakini alipoambiwa ashike sindano alikataa katakata, akasema, "Mama, mimi siwezi kuzeeka navuta vumbi la makalio ya watu," akaenda kufanya kazi ya kutundika mapazia maofisini, kazi safi, kazi ya juu ya ngazi, na Oktoba 2003 akaanguka kutoka kwenye ngazi hiyo akaumia mgongo.

Alipewa vidonge vya maumivu, mgongo ukapona, vidonge havikuachika, kutoka vidonge vya hospitali akahamia vya mitaani, kutoka vya mitaani akahamia kwenye unga, na katika nyumba ya mlango wa kahawia vitu vikaanza kusafiri, pasi ikaondoka, redio ikaifuata, saa ya ukutani aliyoiacha baba wa binti ikaenda, mwisho marehemu alirudi kutoka sokoni akakuta cherehani haina kichwa, na majirani walipouliza mbona kimya, mashine haisikiki, alijibu, "Ipo kwa fundi," na sisi majirani tukasema ehee, fundi gani huyo anayetengeneza pasi, redio, saa na cherehani, mbona tusipelekewe na sisi.

Hapo ndipo marehemu alipoanza kuficha, na wengine wakificha vitu hufunga kabati kwa ufunguo, yeye alishona, akafumua kidogo chini ya mkono wa kochi, akapenyeza alichonacho katikati ya sponji, akarudishia mshono, na kwa muda alilala usingizi, kisha vitu vikaanza kupotea hata humo, tena bila kitambaa kuchanika, bila uzi kulegea, mpaka siku alipokaa kwenye kochi lake mwenyewe akijua ameliwa, akapitisha kidole kwenye mshono, akaurudia, akawasha taa akauinamia, na akaona kwamba mshono ule si wake, ni mzuri kuliko wake.

Walikutana jikoni, marehemu akamwuliza, "Nani kakufundisha kushona hivi?"

"Wewe."

"Mimi? Wewe si ulikataa kushika sindano?"

"Utafutaji ulinifundisha, Mama. Ukificha nafumua, nikifumua nashona, vinginevyo ungejua mapema."

"Mwizi mkubwa wewe."

"Mwizi, nakubali, lakini sponji nimeirudisha kama ilivyokuwa."

Marehemu alimfukuza kwa mwiko mpaka barazani, akarudi ndani akalia, lakini alimwambia mdogo wake, na mdogo wake hakuweza kukaa na neno, akatuambia sisi wote, kwamba katikati ya kulia alijikuta anafurahi, "Mkono ule ni wa baba yetu, Mungu anisamehe, mtoto ananiibia na mimi natamani kumsifu."

Mara mbili alimpeleka binti kituo cha kuwasaidia watu kuacha, mara mbili binti akaruka ukuta, tena mara ya pili akaruka na viatu vya mlinzi, lakini Januari 2011 alikwenda kwa miguu yake mwenyewe bila kusindikizwa, akakaa, akatetemeka, akatapika, akakaa, na Agosti mwaka uleule alirudi nyumbani akiwa mwembamba kama ufito, akasimama mlangoni asijue aingie au apige hodi, na marehemu, ambaye alikuwa amejiandaa maneno mengi, alivuta kigoda cha pili akakiweka karibu na chake, akampa sindano iliyopinda, na tangu hapo wateja wakawa wanaletewa makochi yenye mshono ambao huwezi kuuona hata ukiwekewa tochi.

Miaka ikapita ya kazi na kelele za kawaida, binti hakurudi nyuma, lakini tuseme ukweli kwa kuwa tumeagizwa, desturi ya kuficha haikutoka, marehemu aliendelea kushona funguo na hereni zake ndani ya viti, wageni wa familia waliendelea kukaa na mikoba mapajani kama wako stendi, na binti aliyaona yote, akamimina chai.

Novemba 2022 marehemu alianza kuumwa kiuno, akadhani ni kazi, akachua, akafunga khanga kiunoni, mpaka hospitali kuu ilipompima na kumwambia kwamba ni saratani na imeshaingia kwenye mifupa, na Juni 2023 daktari wake, baada ya kufanya kila lililowezekana, alimruhusu arudi nyumbani na chupa ya dawa ya maji ya kutuliza maumivu, mofini, akaieleza familia bila kuzunguka kwamba dawa hii ni ndugu wa damu na ule unga, kwamba inywewe kwa saa zake bila kukosa, na kwamba ishikwe na mtu mmoja mnayemwamini, na aliposema hivyo kila mtu chumbani akaanza kutazama sakafu kana kwamba kuna kitu kimeandikwa pale.

Marehemu alitaka kumtaja binti yake, jina likafika ulimini, likakwama, na binti aliuona ulimi ule ukikwama, akamwokoa, akasema, "Mama mdogo ashike," mama mdogo, yaani mdogo wake marehemu, akaipokea chupa akaitia kifuani kama anayenyonyesha, na marehemu akageukia ukutani, kwa sababu jambo hilo lilimuuma kuliko kiuno, kufa alikwisha kukubali, lakini asife kabla hajajua kama yeye mwenyewe anamwamini mtoto wake kweli, au miaka yote hii alikuwa anajifanya.

Mama mdogo aliihamisha chupa kila siku, leo kwenye chungu, kesho kwenye kiatu, na kila siku binti alimwambia bila kuinua macho kwenye kazi yake, "Mama mdogo, kwenye kiatu itapasuka, ihamishe," mama mdogo akizidi kupandwa na hasira, "Umejuaje?" binti akajibu, "Kiatu kimoja kimekaa wima, kimoja kimelala, kwani umesahau mimi nilikuwa nani?" na kule kitandani marehemu akicheka mpaka akishika mbavu, kisha akiacha kucheka.

Jumanne moja ya Julai, jino la mama mdogo lilimfikisha mahali pa kwenda kung'oa, na ilikuwa lazima amwache binti peke yake na mgonjwa, basi akatafuta maficho ya kumshinda, na kwa kuwa naye ni mtoto wa baba yuleyule na amewahi kugusa sindano kidogo, aliingia chumba cha kazi binti akiwa uani anafua, akafumua mkono wa kiti kimoja kati ya viti vinne vya kitambaa cha kijani vya hakimu mstaafu, akaizamisha ndani ya sponji chupa mpya isiyofunguliwa bado, maana ya zamani iliishia kwa dozi ya asubuhi, akaushona, akaondoka na shavu lake limevimba, ameridhika.

Alichosahau ni kwamba viti vile vilikuwa vimekwisha, na wabebaji wa mkokoteni walikuja asubuhi ileile kama walivyoagizwa wiki iliyopita, wakavipakia vyote vinne, wakaondoka.

Mama mdogo alirudi mdomo umejaa pamba, akakuta chumba kitupu, akapiga kelele kwamba chupa imo ndani ya kiti cha hakimu, kelele iliyowafanya hata watu wa ng'ambo ya barabara kutoka nje, na saa ya dawa ilikuwa imefika na kupita, maumivu yalikwisha kuanza kupanda, marehemu ameuma ncha ya shuka, na mama mdogo mwenyewe kwa sindano ya ganzi alikuwa anapepesuka akishika ukuta, hakuna wa kwenda isipokuwa mmoja, aliyesimama mlangoni akipangusa povu la sabuni mikononi, akingoja, hakuomba.

Marehemu akaachia shuka mdomoni akasema, "Nenda wewe."

"Dada!" mama mdogo akasema kupitia pamba. "Chupa imejaa mpaka shingoni ile!"

"Najua."

"Na ile kona anaipita!"

"Njia nyingine hakuna. Nenda, mwanangu."

Binti alikwenda bila hata kubadili kandambili, na mama mdogo akakaa ukingoni mwa kitanda akaanza kulia, "Hutamwona tena, dada, hutamwona, na dawa hutaiona," marehemu akamwambia, "Nyamaza, jino lako linavuja," kisha akafumba macho akaanza kumfuata mtoto wake kwa akili, hapo amepita duka la dawa, hapo amepita kwa mziba matairi, sasa amefika kwenye kona ya nyuma ya maduka, pale kwenye ngazi za jengo lisilokwisha ambapo wenzake wa zamani hukaa mpaka leo, na kila alipofika kwenye kona hiyo kiuno kilimkata upya, akarudi dukani akaanza tena, na kadiri muda ulivyokwenda alijikuta haiombei dawa tena, anaombea mlango ufunguke.

Yaliyotokea kwa hakimu tuliyasikia kwa binti na kwa hakimu mwenyewe, na hayagombani, kwamba binti alikuta wageni wanne, wazee wa heshima, wamekaa kwenye viti vinne vipya wakivisifia, akapiga hodi, akaingia, akasema, "Shikamooni wazee, samahani, simameni," na wazee kwa mshangao wakasimama, akaanza kupitisha vidole chini ya mikono ya viti kama daktari anayetafuta ini, hakimu akavaa miwani, akamtazama, "Wewe si nilikuhukumu wewe?"

"Ndiyo mzee, miezi mitatu, kwa mapazia ya ofisi ya posta, tena ulinipunguzia, asante."

"Na sasa umekuja kufanya nini kwenye viti vyangu?"

"Kufumua, mzee," akasema, na kwenye kiti cha tatu kidole chake kikasimama, kwa sababu mshono wa mama mdogo ni kama wa mtu anayefunga gunia, akaufumua mbele ya macho yao, akaingiza mkono mpaka kiwiko, akatoa chupa, na hakimu akamwambia, "Lete hapa."

Alimpa, maana angefanya nini, na hakimu akaisogeza kwenye mwanga akaanza kusoma karatasi ya hospitali iliyobandikwa juu yake, jina la mgonjwa, tarehe, jina la dawa, taratibu na kwa sauti, kama anavyosoma hukumu, na binti, kwa kuwa hakuweza kusimama tu, akachomoa sindano yake iliyopinda kwenye ukosi wa gauni akaanza kuushona ule mkono wa kiti, na hakimu alipofika mwisho wa karatasi, mkono ulikuwa umefungika na uzi umekatwa kwa meno, mzee akatazama kiti, akatazama chupa, akasema, "Ngoja nichukue fimbo yangu niipeleke mwenyewe," binti akamjibu, "Kwa fimbo hiyo tutafika kesho, mzee. Mama amenituma mimi," na hakimu, ambaye yupo hapa anatikisa kichwa kwa sababu ni kweli, akampa.

Kwenye kona walimwona, na mmoja wao aliyekaa ngazi ya chini, waliyelala naye kwenye baraza moja miaka ile, akamwita, "We mrefu, umeficha nini hapo kwapani?" naye alisimama, na alikiri kwa mama yake kwamba alisimama kweli, miguu ilisimama yenyewe, akajibu, "Dawa ya mama, anaumwa," na yule mwenzake akainuka kidogo, akamtazama yeye na lile kwapa, akakaa tena, akasema, "Sasa unasimama hapa kwetu kufanya nini? Pita, pita upesi, usitutazame," akapita.

Mlango ulifunguka, marehemu akasikia kandambili zikija mbio korido nzima, akafumbua macho, akamwona mtoto wake jasho tupu, nyuzi za kijani zimemganda mkononi, na chupa haijaguswa, kifuniko bado kina ule ukanda wake wa karatasi, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kusema maneno laini, akasema, "Umechelewa."

"Nilikuwa nashona."

"Mimi nakufa hapa, wewe unashona?"

"Mkono wa kiti cha hakimu, Mama. Mama mdogo ameufunga kama gunia la viazi."

"Umeushona vipi?"

"Hauonekani."

"Haya, lete dawa," akanywa, akangoja, uso ukaanza kumlegea, na binti aliposimama kumrudishia mama mdogo chupa, marehemu akasema, "Iweke mezani."

"Meza gani?"

"Hiyo, karibu na maji. Hapo wazi. Na kesho utanipa wewe, na keshokutwa, mpaka nisiihitaji," mama mdogo akanyanyuka nusu, marehemu akamtazama, mama mdogo akakaa, na inasemekana ndiyo mara pekee maishani alipokosa la kusema, ingawa wenyewe tunadhani pamba ilichangia.

Basi wiki zilizofuata zilikuwa njema, msistuke kusikia hivyo, maana maumivu yalipata mtu wa kuyasimamia kwa saa zake, chupa ilikaa mezani pamoja na kitana na glasi, wageni wakaanza kuweka mikoba chini, na marehemu aliagiza makochi yote ya nyumba yafumuliwe vitolewe vilivyomo, vikapatikana funguo za makufuli yasiyokuwepo, hereni moja moja, na meno ya bandia ya mama mkwe wake aliyokuwa ametuhumiwa nayo paka.

Jioni walitazama televisheni pamoja, binti akimchua miguu, na mara moja ikaonyeshwa filamu ya mama ambaye binti yake anatumia madawa, watu wanalia, muziki unalia, marehemu akaitazama kwa makini mpaka katikati akasema, "Huyo mama mbona kila akilia amepaka wanja? Na nyumba nzuri hivyo, pasi ipo palepale mezani, hiyo siyo nyumba yenye mlevi wa unga," binti akacheka, "Mama, acha watu waigize," marehemu akasema, "Na yule mtoto hajui hata kuruka ukuta, anaparamia kama anapanda kitanda," wakacheka mpaka wakapitwa na mwisho, na hadi leo hakuna anayejua wale wa kwenye filamu waliishiaje, na marehemu alisema haina shida, wao wanajua wao wameishiaje.

Marehemu alifariki dunia Jumapili ya tarehe 17 Septemba 2023, saa mbili asubuhi, kitandani kwake, dirisha likiwa wazi, akiwa na umri wa miaka sabini, baada ya kunywa dawa yake na kulalamika kwamba chai ni nyepesi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mwanawe, na kabla ya watu kuanza kumiminika binti alichukua chupa iliyokuwa na dawa iliyobaki, akatembea nayo mpaka hospitali, akamkabidhi nesi, akarudi kupokea wageni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali kuu, hasa yule nesi aliyekuja nyumbani akamfundisha binti kupima dawa na akavumilia kukosolewa na mgonjwa jinsi alivyokunja shuka, inawashukuru wenzake marehemu wa karakana ya reli mliobaki, na mafundi wa soko la mbao mliofunga leo, inakishukuru kituo kilichompokea binti mara ya tatu bila kumdai viatu vya mlinzi, inawashukuru majirani mlioleta maji na mlioleta habari, ingawa habari zilizidi maji, inamshukuru mzee hakimu, na inawashukuru pia wale wawili waliosimama nyuma kabisa karibu na ukuta, waliotoka kwenye ile kona, wamekuja, msigeuke kuwatazama, wapeni nafasi tu.

Jeneza hili mnaloliona, bitana yake ameishona binti juzi na jana, sponji ameweka ile nzito kwa sababu marehemu alimtisha kwamba akiweka hafifu atarudi, vifungo vya mgongoni hakuviweka kwa kuwa mama yake alivikataza, mshono tumeutafuta watu wazima watatu kwa miwani, hatukuuona.

Bi Springi, kitanda hicho ni kazi ya mwanao, ukikuta kasoro ni juu yako uliyemfundisha, na usipoikuta, basi nyoosha miguu humo, utulie, upumzike kwa amani.